Beberu Mmoja, Shukrani Mbili

“—beberu mzima! Si mwana mbuzi, si kuku, beberu! Yule mwenye ndevu! Ninatamka kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya Mungu na mbele ya kanisa hili, kwamba nyumba yangu itamshukuru Mchungaji kwa beberu!”

Mama wee! Makofi yakapigwa mpaka mabati ya kanisa yakaitikia. Mama Nereah, mwenyekiti wa kamati, akaruka na vigelegele, na Nzioka, mwenye kinywa chake, akabaki amesimama pale mbele akijipapasa shati. Lilikuwa shati jeupe la kazi ya hotelini, na pale kifuani alipobandua nembo ya hoteli walipomwachisha kazi palibaki kiraka cheupe zaidi, kama pameoshwa na sabuni ya peke yake.

Kwenye benchi la akina mama, mkewe Wayua alikuwa amefungua mdomo ili aimbe, akausahau wazi vile vile. Beberu yule alikuwa wake, alimlea kwa mikono yake. Lakini hakuwa wake tena, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Beberu alikwisha kuahidiwa mtu, na mtu mwenyewe hakuwa Mchungaji, wala hakuwahi kukanyaga kanisani.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, hoteli za Diani zimefunga nusu ya vyumba, na watu wa bara waliobaki Bongwe walikuwa wakijuana kwa sauti za kikohozi. Kamati ilikuwa imeamua kwamba Jumapili inayofuata iwe Siku ya Kumshukuru Mchungaji. Kila nyumba ilitakiwa kusimama na kutangaza italeta nini. Nyumba ya mzee Munyoki ilitoa jogoo. Wengine wakatoa mchele, nazi, kitambaa cha meza. Mchungaji Seth alikuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, ila miguu ilikuwa ikimcheza chini ya kiti. Jogoo alipotajwa, ilicheza kidogo. Beberu alipotajwa, kiatu kikamtoka kisiginoni.

*

“Baba Kalondu, umetoa beberu wa nani?”

“Wetu.”

“Wa nani?”

“Mama Kalondu, watu wanapita. Cheka kidogo.”

Wayua akacheka kidogo, kwa sababu kweli watu walikuwa wakipita, na kila aliyepita alimpa mkono Nzioka na kumwita mzee wa kanisa. Njia ilipokuwa tupu, kicheko akakikata.

“Yule ni wa Maalim Chome. Nilimwahidi na wewe ulikuwepo. Ulikuwa umejikunyata nyuma ya mikeka, goti lako limenikaa mgongoni.”

“Nilikuwepo.”

“Basi?”

“Basi siku ile ningemwahidi mtu hata ndovu.”

Siku ile ilikuwa ya vurugu za mwaka uliotangulia, vijana wenye mapanga walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza wa bara ni nani. Jirani yao Maalim Chome, anayesomesha watoto Kurani, aliwaingiza katika stoo ya chuo chake: Nzioka, Wayua, binti yao Kalondu, na kibeberu kichanga ambacho Kalondu alikataa katakata kukiacha. Wenye mapanga walipobisha, Maalim alisimama mlangoni na kanzu yake akawaambia humo hamna ila wanangu na mikeka. Kibeberu kikalia.

“Na mbuzi,” akaongeza Maalim.

Wakaenda zao. Na kule ndani, huku meno yakigongana, Wayua akaahidi kwamba kile kitu kikikua kitakuwa cha Maalim, kwa shukrani.

Na Mchungaji Seth? Mchungaji wakati huo alikuwa Machakos. Aliondoka na lori la kwanza, akarudi mambo yalipotulia, amenenepa kidogo mashavuni, akawaambia waumini kwamba hakulala hata usiku mmoja bila kuwataja kwa majina.

“Tena na wewe alikutaja,” Nzioka alisema.

“Akinitaja kwa sauti gani, nisisikie kutoka Machakos mpaka Bongwe?”

“Mama Kalondu, nisikilize.” Nzioka akasimama njiani, akashusha sauti kama anaiba. “Ile hoteli ya ufuoni wanaifungua upya. Wanatafuta watu wa dobi. Anayeandika watu ni shemeji yake Mchungaji. Mchungaji akisema neno moja tu, mimi niko ndani. Unataka nikae nyumbani mpaka lini, nikikunja nguo za Kalondu kama taulo za Wazungu?”

Ni kweli, alikuwa akizikunja. Gauni la shule la Kalondu lilikuwa likilala kitandani limekunjwa umbo la bata.

“Kwa hiyo hii ni shukrani, au ni maombi ya kazi?”

“Ni shukrani,” Nzioka alisema. “Lakini shukrani yenye macho.”

Wayua akashika njia. Naye aliitaka kazi ile, tena labda kumpita mumewe. Na ahadi nayo aliitaka. Jamani, mtu mmoja, beberu mmoja, na kila upande una haki!

*

Siku ya pili yake, Mama Nereah akaja na mwavuli wake na mkoba wake wa kazi ya mapokezi hotelini, akakaa kwenye kigoda bila kungoja kuambiwa.

“Bwana asifiwe, Mama Kalondu! Programu imebadilika kidogo, lakini ni kwa uzuri. Naibu chifu amekubali kukuja!”

“Kwetu?”

“Kwa kanisa! Mchungaji anataka kumweleza ile maneno ya ploti ya kanisa. Akikula na sisi, akifurahi, karatasi ya ploti itatoka. Sasa si unajua yule ni Mwislamu. Hawezi kula nyama yenye tumechinja sisi. Tunataka Mwislamu mmoja atuchinjie ule beberu.”

Wayua alikuwa akichambua mchicha. Akaendelea kuuchambua.

“Si kuna ule mzee jirani yenu?” Nereah akaendelea. “Ule wa msikiti. Si yeye huchinjia watu?”

“Maalim Chome.”

“Huyo huyo! Enda umwambie. Atapewa kichwa na ngozi, kama mchinjaji yeyote. Hatutaki kumdhulumu.”

“La, msimdhulumu,” Wayua alisema.

Nereah alipokwisha kwenda na mwavuli wake, Wayua alitazama mapajani akaona majani yote ya mchicha ameyatupa chini, amebaki na vijiti.

*

“Hodi wenyewe!”

“Karibu, mwanangu, karibu.”

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba. Baba Kalondu hajambo? Kalondu naye?”

“Hawajambo, Maalim.”

Maalim Chome alikuwa ameketi mbele ya nyumba akianika betri za redio juani ili zipate nguvu za kusikiliza habari ya jioni. Mkewe, Bi Mwanakombo, alikuwa kando akipepeta mchele, na ungo wake ukapunguza sauti mara tu alipoona uso wa Wayua. Hakutaka kupitwa.

“Maalim, nimekuja na neno, na silijui nilitoe wapi.”

“Litoe kinywani, mlango ndio huo.”

Basi Wayua akalitoa. Akatoa lote, hata la shemeji wa Mchungaji, hata la ploti. Maalim akawa anazigeuza betri moja moja kama mtu anayegeuza mihogo kwenye makaa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

“Hebu nifahamu vizuri. Yule beberu ni wangu.”

“Ni wako, Maalim.”

“Atachinjwa kumshukuru mchungaji wenu.”

“Ndiyo.”

“Kwa kuwa aliwaombea kutoka Machakos.”

“Ndivyo asemavyo.”

“Na wa kumchinja ni mimi.”

“Ndiyo, Maalim.”

“Na ujira wangu ni kichwa chake.”

“Na ngozi,” akasema Wayua, maana alikuwa ameamua asifiche kitu.

“Subhanallah!” Bi Mwanakombo aliutua ungo chini puu. “Kichwa na ngozi! Na mwili wake umekwenda wapi? Umepaa mbinguni?”

Maalim alicheka mpaka akavua kofia na kujifutia macho. Alipotulia, akamtazama Wayua, na sasa hakuwa akicheka tena.

“Mwanangu, mimi sikufungua mlango ule kwa ajili ya mbuzi.”

“Najua, Maalim. Ndiyo maana nilitaka kukupa.”

Kuku akapita akidonoa mchele uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

“Nitakuja,” Maalim akasema. “Mnyama yule nimemzoea. Akija mtu mwingine na kisu butu atamtesa bure. Nenda uwaambie nitakuja.”

“Mie siji ng’o!” akasema Bi Mwanakombo. “Mtu aende kwenye karamu yake mwenyewe kwa mlango wa jikoni? Lakini wewe, Wayua, ukirudi ni huku kwanza. Uje unisimulie yote. Yote! Hata mchungaji wenu akipiga chafya, niijue ilikuwa chafya ya namna gani.”

*

Jumapili ile, Maalim alifika asubuhi mapema na kisu chake amekifunga kwenye gazeti. Beberu alipomwona akamjia mwenyewe na kuanza kumlamba kiganja, akitafuta chumvi. Wayua akageuka haraka kwenda kutazama masufuria ambayo hayakuwa na kitu cha kutazamwa. Maalim akamlaza mnyama akielekea kibla, akasoma bismillahi, na kazi ikaisha bila kelele.

Mchungaji Seth alipofika, suti imenyooka mpaka inaweza kukata nyama, alipita kule nyuma kusalimia wapishi. Alimpa Maalim ncha za vidole kwa kuogopa damu.

“Kazi nzuri, mzee wangu. Utamwona Mama Nereah, atakutengenezea.”

Na Mama Nereah akamtengenezea kweli: kichwa ndani ya mfuko wa nailoni, ngozi imekunjwa juu yake, fundo limekazwa.

“Haya mzee, shukran sana. Sasa unaweza kuenda.”

“Anakula hapa,” Wayua akasema kutoka kwenye moshi.

“Mama Kalondu, viti tumepanga kulingana na programu. Hakuna chenye kimebaki.”

“Hapana neno, hapana neno,” akasema Maalim. Akapindua ndoo, akaketi juu yake karibu na mafiga, mfuko wa kichwa miguuni pake. Adhuhuri ilipoingia, akaenda nyuma ya mwarobaini akasali, akarudi kwenye ndoo yake, na sala ya ufunguzi ya Mchungaji bado ilikuwa ikifunguliwa.

Meza kuu iliwekwa kivulini, na kitambaa, na maua ya karatasi. Naibu chifu akachelewa, kama ilivyo desturi ya wenye mihuri, akaja moja kwa moja kuketi mkono wa kuume wa Mchungaji. Mkono wa kushoto alisimama Nzioka. Hakupewa kiti, alipewa taulo, maana kazi yake siku hiyo ilikuwa kumfuata mkewe na kukausha mikono ya wageni watakaonawa. Taulo alikuwa amelikunja yeye mwenyewe. Lilikuwa bata, na shingo yake alikuwa ameisimamisha vizuri sana.

Mchungaji akasimama kutoa neno.

“Wapendwa, mnaponishukuru mimi, mnamshukuru Aliyenituma! Mwaka jana, siku za giza, ni nani aliyewaficha? Ni Bwana! Aliwaweka chini ya mbawa zake!”

“Amina!”

Wayua, kule jikoni, alikumbuka kwamba mbawa zile zilikuwa zikinuka mafuta ya taa na mikeka mikuukuu, na kwamba mwenye mbawa alikuwa ameketi hapa juu ya ndoo, akimsaidia mpishi kusogeza kuni.

“Na mimi huko nilikokuwa,” Mchungaji akaendelea, “nililia!”

“Amina!”

Chakula kikaiva, wali ukapakuliwa, na Mama Nereah akampa Wayua ishara ya kidole: maji! Wayua akachukua birika la maji ya vuguvugu na beseni, akatoka. Hili ni jambo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua: mikono inayonawishwa kwanza ndiyo ya mtu anayeheshimiwa, kisha ndio wengine. Mchungaji akavua saa, akapandisha mikono ya suti, akainyoosha mikono yake juu ya meza, viganja juu, tayari.

Wayua akaja. Akafika mbele ya meza kuu. Akampita.

Alizunguka ile meza kama mtu anayezunguka shimo, akarudi nyuma kule kule alikotoka, akapiga magoti mbele ya ndoo iliyopinduliwa.

“Maalim, nawa.”

Hata watoto wenye sahani waliacha kuzigonga.

“Mama Kalondu!” Nereah alinong’ona kwa sauti ambayo hata Ukunda wangeisikia. “Huku! Mgeni wa heshima ako huku!”

“Mwanangu,” Maalim naye akasema chini chini, “utajitia matatani. Anza kule.”

“Ahadi yangu haikuanzia kule, Maalim.”

Akamimina. Maji yakaruka nje ya beseni yakaloanisha kanzu, lakini akamimina. Na huku akimimina, akasema, si kwa ukali, ila kwa sauti ya mtu ambaye kanisani hajawahi kutoa neno lisilo wimbo:

“Mchungaji amesema Mungu ndiye aliyetuficha. Ni kweli. Lakini mlango aliufungua huyu. Na huyu beberu ni wake tangu siku hiyo. Leo tunakula cha Maalim.”

Sasa hebu mfikirie Nzioka! Amesimama na bata lake la taulo. Mbele yake iko mikono ya Mchungaji, mikavu, bado imenyooshwa kwa kuwa mwenyewe hajajua airudishe vipi. Ndani ya mikono ile mna dobi ya hoteli, mshahara, na jina la mzee wa kanisa. Na kule chini yuko mkewe amepiga magoti kwenye tope la maji ya kunawa, na mzee mwenye vidole vinavyodondoka maji, anatafuta pa kuvifutia.

Nzioka alimtazama Mchungaji. Akamtazama Maalim. Kisha akalishika lile bata shingoni, akalikung’uta, likawa taulo tu, akatembea nalo mpaka kwenye ndoo. Akachuchumaa, akaikausha mikono ya Maalim kidole kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akikausha glasi za watu wakubwa hotelini.

“Pole kwa kuchelewa, Maalim,” akasema. Na kila mtu alielewa kwamba hakuwa akisema habari ya taulo.

Hapo naibu chifu akanyoosha shingo. Muda wote alikuwa akitazama wali.

“Maalim? Maalim Chome? Ni wewe uliyekaa huko motoni?” Akainuka. “Huyu ndiye aliyenifundisha alifu na be kwa kiboko! Na mimi nimekaa mahali pa juu kuliko yeye?” Akabeba kiti chake kwa mkono wake mwenyewe, serikali nzima, akaenda kukiweka kando ya ndoo, akainama akabusu mkono wa mwalimu wake. Maalim akakataa kabisa kukikalia kile kiti, naibu chifu naye akakataa kukikalia, na kiti kikabaki kitupu baina yao.

Meza kuu ikabaki na maua ya karatasi na Mchungaji Seth.

Aliishusha mikono polepole. Akaiteremsha mikono ya suti, akafunga vifungo. Akavifungua tena. Kisha akainuka, akapita katikati ya waumini wake bila kumtazama mtu, akaja akasimama nyuma ya naibu chifu kungoja zamu yake ya kunawa, na Wayua akammiminia maji kama alivyowamiminia wengine, si haba, si zaidi. Nzioka akampa taulo. Mchungaji alijifuta kwa muda mrefu sana, na alipokuwa akilirudisha akamwinamia Nzioka sikioni.

“Kesho asubuhi uje unione,” akamwambia.

Basi. Hakutabasamu, hakukunja uso. Akachukua sahani yake, na watu wakala.

*

“Kesho uje unione!” Bi Mwanakombo alishika kiuno kwa mikono yote miwili. “Kwa sauti gani? Ya mtu anayeajiri, au ya mtu anayefukuza?”

“Ya mtu mwenye wali mdomoni,” Wayua alisema. “Sikuweza kuijua.”

Walikuwa wamesimama uani, na mkononi mwa Wayua mna bakuli limefunikwa kwa sahani: kidari chote cha beberu, alichokitenga mwenyewe kabla Mama Nereah hajafikisha macho. Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha kusimuliwa kila kitu, mara ya pili sasa, na masimulizi yalipofika kwenye mikono iliyonyooshwa ikangoja alidai irudiwe kwa vitendo.

“Na Mchungaji alipiga chafya?”

“Hakupiga.”

“Mungu mkubwa, hata chafya ilimkwama!” Kisha akaacha kucheka, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. “Na akimnyima mumeo kazi, Wayua? Sema kweli.”

Wayua alifikiri. Kule kwake, Nzioka alikuwa ameanua lile shati jeupe na kulinyoosha kwa pasi ya makaa, halafu akalinyoosha tena, tayari kwa wito asioujua ni wa nini.

“Akimnyima, tutalala njaa kama tulivyozoea. Lakini beberu mmoja amekwenda kwa mtu mmoja, yule niliyemwambia. Lala salama, Bi Mwanakombo. Mchungaji akimaliza kusema na Baba Kalondu, kabla mume wangu hajavua viatu nitakuwa nimefika hapa mlangoni kwako. Hayo mengine nitakwambia kesho.”